Chupa Mama

Kwa miaka kadhaa nyumbani kwetu hapakuwa na mtu aliyesema neno "haifanani." Hakuna aliyelipiga marufuku. Liliondoka lenyewe, kama mgeni anavyojiondokea bila kuaga. Mama akianua nguo na kukuta soksi mbili zisizo pea, alisema, "Hizi si ndugu," halafu akang'amua alichokisema, akazitupa kwenye beseni na kujitafutia shughuli nyingine. Baba ni seremala, na nusu ya kazi ya seremala ni kulinganisha; lakini hata yeye, akiletewa mbao mbili za rangi tofauti, alizigusa moja baada ya nyingine na kusema, "Hii na hii, hapana." Sisi watoto tulijifunza kulikwepa neno hilo kabla hatujajua linamuuma nani.

Lilikuwa neno la shangazi.

Shangazi ni dada mkubwa wa baba. Bibi alifariki baba akiwa hajaanza shule, na dada ndiye aliyemlea: alimwogesha, alimkata kucha, alimchapa alipostahili na mara nyingine alipokuwa hastahili. Ndiyo maana hata alipokuwa mtu mzima mwenye ndevu na watoto, baba hakuwahi kusema "shangazi yenu" akizungumza nasi. Alisema "dada" tu. Dada kapiga simu. Mpelekeeni dada kiti. Ungedhani duniani dada ni mmoja.

Kazini walimwita Jicho. Alikuwa mpimaji katika kiwanda kilichonunua majani ya dawa kwa wakulima, kikayakausha, kikayasaga na kuyatia kwenye vifuko vidogo vya kutumbukiza ndani ya kikombe cha maji moto. Jani lililouzwa kuliko yote lilikuwa la kichaka kifupi kiitwacho mtuliza, dawa ya tumbo. Kabla gunia halijavuka mlango wa ghala, konzi moja ilipelekwa chumbani kwa shangazi, naye ndiye aliyesema lipokelewe au lirudi lilikotoka.

Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, na dirisha lake lilitazamana na ukuta wa stoo. Sinki lilikuwa na doa la rangi ya chai ambalo sabuni zote zilikwisha kulishindwa. Mizani ilikaa ndani ya kisanduku cha kioo ili upepo wa feni usiitikise. Kulikuwa na oveni ndogo iliyonuka nyasi kavu, na stuli moja ya mbao ambayo baba alimtengenezea alipopata kazi. Mguu mmoja ulikuwa mfupi kidogo, na shangazi alikataa isirekebishwe, akisema ikinyooka atasinzia.

Vipimo vya kwanza vilikuwa vyepesi. Alipima majani kidogo, akayaweka ovenini, akapima tena. Uzito uliopungua ni maji, na maji yakizidi gunia litaota ukungu. Aliunguza mengine mpaka yakawa jivu, na jivu likizidi ujue mtu amefagia na mchanga. Kazi ngumu ilikuwa kujua kama jani ni mtuliza kweli, maana jani lolote likishasagwa ni vumbi la kijani kama majani mengine yote.

Kwa kazi hiyo alihitaji utulivu. Aliuloweka unga kwenye spiriti, akauchuja, akachovya mrija wa kioo mwembamba kama sindano na kudondosha tone upande wa chini wa kibao cha kioo kilichopakwa unga mweupe. Pembeni aliweka tone la pili, la majani ambayo yalikwisha kujulikana kuwa ni mtuliza wenyewe. Kisha alikisimamisha kibao ndani ya mtungi wenye kimiminika kidogo, akaufunika. Kimiminika kilipanda polepole, kama mafuta ya taa yanavyopanda utambi, kikiyaburuta matone na kuyachambua njiani: kitu hiki kinaachwa chini, hiki kinaishia katikati, kingine kinakimbilia juu. Kibao kikikauka alikiweka chini ya taa ya zambarau, na kila kitu kilichokuwamo ndani ya jani kikawaka kama doa lenye rangi yake. Madoa ya kushoto na ya kulia yakiwa sawa kwa sawa, alisema, "Inafanana." Yasipokuwa sawa alisema lile neno lingine, na halikuwa na rufaa.

Majani ya kulinganishia yalikaa kwenye chupa ya kahawia iliyoitwa chupa mama. Aliirithi kwa mpimaji aliyemtangulia, mzee mmoja mwenye mkono usiotetemeka ambaye kiwanda kizima kilimwita Mzee Tone. Mzee Tone alimfundisha kila kitu, na pamoja na hayo yote alimfundisha kwamba chupa mama haiachwi ikaisha. Ikifika nusu, tafuta shehena iliyofanana nayo kuliko zote msimu huo, uongezee. Ndivyo alivyofundishwa na yeye. Ni kama mtu anayebakiza maziwa ya mgando kikombe kimoja ili yagandishe ya kesho. Shangazi aliupenda utaratibu huo. Alisema ndani ya chupa ile kulikuwa na majani yaliyochumwa na watu waliokwisha kufa, na kwamba ndiyo maana aliifungua kwa mikono miwili.

Baba wakati huo alikuwa akifanya kazi mji mwingine, kwenye karakana ya watu. Alichoka kutengeneza vitanda ambavyo jina la mtu mwingine lilipigwa mhuri ubavuni, akarudi. Kulikuwa na kipande cha ardhi cha bibi ambacho kwa miaka mingi hakuna aliyekigusa, na kukizunguka kulikuwa na ua wa mtuliza ambao bibi mwenyewe aliupanda. Baba alikata vipandikizi kutoka kwenye ua ule, akakijaza kipande chote. Alitia humo nguvu zake na kila alichokuwa amekiweka akiba. Mama alisema ameolewa na fundi wa vitanda na sasa anaamka na mganga, hajui hata lini alibadilishiwa.

Shangazi alikuja kila mwisho wa juma kumwonyesha namna ya kukausha: kivulini, juu ya chekecheke, jani lisilalie jani. Alivua viatu akakaa chini pamoja naye, wakipindua majani kwa vidole. Mama alimtania. "Wifi, ukiingia jikoni kwangu usinichungulie sufuria kama uko kazini." Shangazi alimjibu kwamba sufuria ile ingekuja kiwandani ingerudishwa getini, na wakacheka mpaka baba akawaambia wanampeperushia majani. Nakumbuka jinsi baba alivyokuwa na furaha. Alijiunga na chama cha wakulima wa mtuliza, na alisema kwa mara ya kwanza atapeleka mahali kitu ambacho jina lake halitafutwa.

Alipeleka magunia yake ya kwanza asubuhi, akiwa amevaa shati la kutokea.

Shangazi aliyapima maji, yakawa sawa. Jivu likawa dogo kuliko la mkulima yeyote. Akasimamisha kibao. Chini ya taa, upande wa chupa mama uliwaka kama alivyouzoea: doa la bluu katikati, na juu yake doa la njano, nene, linalong'aa. Upande wa mdogo wake uliwaka bluu kali kuliko alivyopata kuiona. Juu yake hapakuwa na kitu.

Alirudia kwa kibao kipya. Alibadilisha kimiminika, akarudia tena. Mtunza ghala, ambaye alizoea kuingia pale kupoza chai, aliuona uso wake akaelewa. Alimshauri ampe mtu mwingine apime, au aandike tu kwamba inafanana na maisha yaendelee, kwani huyu si mdogo wako? Shangazi alimwambia kwamba hiyo ndiyo sababu hasa ya kutofanya hivyo. Alijivunia jibu hilo. Baadaye aliniambia kuwa alijivunia mpaka jioni.

Wakulima wengine walikuwa wamepanga foleni nje, na magunia yao yote yalipita. Ya baba yakatengwa. Aliomba kuingia chumba cha vipimo, akasimama karibu na sinki akiwa ameshika kofia yake.

"Dada, haya ni majani ya mama. Vichaka vile vile."

"Najua yametoka wapi," shangazi akasema. "Nisichojua ni umeyachanganya na nini."

"Mimi nichanganye?"

"Kibao ndicho kinachosema. Haifanani."

Hakubishana. Alivaa kofia, akatoka, akayabeba magunia yake mwenyewe hadi kwenye mkokoteni, huku wenzake wakijifanya wanakagua kamba za magunia yao. Kabla ya jua kuzama habari ilikuwa imefika kila mahali kwamba yule fundi amechanganya majani, na amekamatwa na dada yake wa tumbo moja, na kama dada mwenyewe kasema, nani tena atabisha? Wakamwita Bwana Mchanganyiko. Mwenyekiti wa chama alikuja nyumbani, akakaa ukingoni mwa kiti, akasema kwa upole mwingi kwamba kwa sasa ingekuwa vizuri akapumzika kidogo na shughuli za chama. Baba alimshukuru kwa kuja. Wiki ile ile aling'oa shamba lote, na ua wa bibi pia, akachoma mpaka mizizi. Kisha akafungua karakana ndogo mbele ya nyumba na kurudi kwenye mbao.

Mama alikwenda kwa wifi yake mara mbili kujaribu kuwapatanisha. Mara ya kwanza shangazi alilia na kusema afanye nini, kazi ni kazi. Mara ya pili hakulia, akasema mdogo wake akikiri atamsamehe. Mama aliporudi hakutueleza alichoambiwa. Alisema tu hataenda tena, na ndipo ukimya ulipoanza.

Ukweli ulifika ndani ya kichupa kidogo kuliko kidole gumba.

Kiwanda kiliajiri mkemia mpya, binti aliyetoka chuo kikuu, mpole, aliyemwita shangazi "mama." Wanunuzi wa nje walikuwa wameanza kulalamika kwamba dawa haitulizi tumbo kama zamani. Binti yule aliagiza kile kitu chenyewe kinachofanya kazi ndani ya mtuliza, kikiwa kimetengwa peke yake, unga mweupe kidogo ndani ya kichupa. Akamwomba shangazi auweke kibaoni pamoja na chupa mama, ili tu wawe na uhakika.

Unga mweupe uliwaka bluu, doa moja, hakuna kingine. Upande wa chupa mama bluu ilikuwepo, lakini hafifu, kama kitambaa kilichofuliwa mara nyingi. Na juu yake lile doa la njano, nene, linang'aa. Shangazi alilaumu mtungi. Kisha akalaumu hewa ya unyevu. Kisha akafungua kabati la akiba.

Kiwanda kilikuwa na desturi ya kubakiza bahasha ya majani ya kila shehena iliyopimwa, iliyopokelewa na iliyokataliwa. Alianza na bahasha kongwe za wakati wa Mzee Tone, akaja nazo msimu kwa msimu, tone baada ya tone, mpaka vibao vilijaa meza nzima. Alipoviweka chini ya taa vikiwa vimepangwa, hakuhitaji kuelezwa. Mwanzoni ilikuwepo bluu tupu. Baadaye juu yake pakaja kivuli cha njano, chepesi, kitu ambacho mtu anaweza kukisamehe. Msimu uliofuata kikakolea kidogo, na uliofuata kidogo tena, huku bluu ikififia.

Njano ilikuwa ya jani jingine. Wakulima waliliita mtuliza mrefu. Linanukia karibu sawa, linakua haraka na kutoa majani maradufu. Hawakudhamiria wizi. Mmoja alipanda kidogo kuziba pengo, jirani akaomba mche. Na kwa kuwa kila mwaka chupa mama iliongezewa shehena iliyofanana nayo, yenyewe ilibadilika pamoja nao, hatua kwa hatua, bila siku hata moja kuonekana kuwa imekosea. Kipimo kilikuwa kikilishwa na kile kinachopimwa. Mpaka siku aliyokuja mtu na majani ya ua wa bibi, yasiyoguswa na mche wa jirani, yeye ndiye akawa hafanani.

Bahasha ya baba ilikuwemo kabatini. Aliiacha ya mwisho. Iliwaka bluu, kali, peke yake, sawa kwa sawa na unga mweupe.

Mkemia alimshika bega, akamwambia, "Mama, hili si kosa lako. Ni utaratibu."

"Utaratibu haukumwambia mdogo wangu kuwa kachanganya," shangazi akasema. "Mimi ndiye niliyemwambia."

Jambo lililomkera zaidi, na ambalo hata leo hulirudia bila kuulizwa, ni jepesi mno. Ukichanganya jani na jani, madoa huongezeka. Ya baba yalipungua. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angesimama pale na kujiuliza, mchanganyiko gani huu unaopunguza? Yeye mwenye jicho la kiwanda kizima hakujiuliza, kwa sababu alikuwa ameshughulika na kutompendelea ndugu.

Alikuja kwetu siku ya pili yake, saa za kazi. Baba alikuwa karakana akipiga randa mlango. Shangazi alisimama kwenye maranda, na kwa mara ya kwanza nilimwona mdogo kwa umbo. Alimweleza yote, kichupa, vibao, njano, bahasha, akiongea haraka kama mtu anayeogopa kukatizwa. Baba hakumkatiza. Aliendelea kupiga randa mpaka alipomaliza ubavu ule wa mlango.

"Kwa hiyo nimekuja kukwambia yako yalikuwa yenyewe," shangazi akasema.

"Nilijua kuwa ni yenyewe."

"Nimekosa, mdogo wangu. Nisamehe."

Baba alipuliza maranda kwenye randa. "Chupa yako sina ugomvi nayo," akasema. "Chupa ni chupa, inaweza kukosea. Lakini mimi umenilea wewe. Hukuniuliza. Ulikuwa na jibu."

Shangazi akauliza kama kulibaki kichaka hata kimoja. Baba akamwambia hakubakisha, na hakusema kwa hasira. Siku ile shangazi alikwenda mwenyewe kwenye kipande kile cha bibi na jembe la mama, akachimba mpaka mikono ikatoka malengelenge. Alipata mzizi mmoja, mweusi, mkavu. Aliukata ukavunjika kama kijiti cha kiberiti.

Baada ya hapo aliomba kusimama mbele ya mkutano wa wakulima. Nadhani alitarajia kulisafisha jina la baba. Alieleza taratibu, akawaonyesha vibao, akasema kwa sauti kuwa yule waliyemwita Bwana Mchanganyiko ndiye peke yake aliyeleta mtuliza safi. Mtu wa nyuma akauliza swali ambalo hakulitegemea: basi na sisi tumekuwa tukiuza nini? Walielewa haraka kwamba jina la mmoja likisafishwa, magunia ya wote yanachafuka. Kiwanda kiliacha kununua mtuliza mwezi ule ule, maana mtuliza wenyewe haukupatikana tena popote walipoutafuta. Waliokuwa wamemcheka baba kwa kuchanganya sasa walimnunia kwa kutochanganya. Mama alipoletewa habari hizo alisema, "Basi angalau wametafuta sababu mpya."

Baba na shangazi wanazungumza sasa. Neno lile limerudi nyumbani, linatumika kwa soksi na mbao kama kawaida. Shangazi akija, baba huinuka, humpokea mkoba, humuuliza habari za mgongo wake, hucheka akitaniana na mama. Mtu wa nje asingeona kasoro. Ila akituagiza husema, "Mpeni shangazi yenu kiti." Husema, "Shangazi yenu anakunywa bila sukari." Ni maneno ya heshima, na kila baba duniani huyasema. Mara ya kwanza alipoyasema, shangazi aligeuka kidogo, kama mtu aliyeitwa na sauti asiyoijua vizuri, kisha akakipokea kikombe, akasema ahsante. Hajawahi kulizungumzia. Mama aliwahi kumwambia baba, tukiwa tumebaki wenyewe, "Mwite, basi. Neno moja tu." Baba akasema anajaribu, na nadhani ni kweli, kwa sababu mara nyingine nimemwona akifungua mdomo na kusita kabla ya kututuma.

Shangazi aliacha kazi kiwandani kabla hawajamwambia aache. Siku hizi yuko idara ya maji, zamu ya asubuhi, anapima klorini, na amepanga chumba kimoja nyuma ya kituo cha pampu.